Minara ya Ulimbo ya Lwangu

Minara tisa ya kioo ilisimama kwa safu kwenye ukuta wa kaskazini wa jiji la Lwangu, kila mmoja ukiwa mrefu kama nyumba ya ghorofa nne. Ndani yake zilijaa punje za rangi ya asali, ndogo kama ulezi. Wahandisi waliziita ulimbo, kwa sababu zilinasa shaba kama ulimbo wa mtegaji unavyonasa ndege. Maji machafu kutoka kiwanda cha kadi za kompyuta yaliingia juu ya mnara yakiwa yamebeba shaba, yakashuka taratibu katikati ya punje, yakatoka chini yakiwa safi kabisa.

Kazi yote ilikuwa ya kubadilishana. Shaba ikiyeyuka majini hubeba chaji chanya. Punje ya ulimbo ina chaji hasi, na imeshika sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Shaba inapopita, punje huiachia sodiamu na kuishika shaba badala yake. Kadiri inavyoshiba, rangi ya asali hugeuka kijani. Mnara ukishakuwa wa kijani hadi chini huoshwa kwa asidi, shaba ikarudishwa kiwandani, na ulimbo ukaanza upya.

Watu wa Lwangu waliyanywa maji hayo. Waliyapikia, waliyaogea, na hospitali ya mji iliyatumia kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Mwaka huo, 2084, mto wao ulikuwa umekauka kwa miaka ishirini na mbili, na hapakuwa na maji mengine.

Minara ilisimamiwa na akili unde iliyoitwa Mizani. Mizani haikulala wala kusahau. Ilisoma vihisio mia nne kila sekunde na kuandika matokeo kwenye ubao wa taarifa uliokuwa ukionekana katika kila ofisi, shule na wodi: SHABA, SIFURI. Aliyeibuni pamoja na ulimbo wenyewe alikuwa Mhandisi Tusekile Mwaipaja, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mpole wa sauti na mkali wa hesabu.

Siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, Mzee Ngailo alimpigia simu ofisini.

Ngailo alikuwa mwangalizi wa minara tangu siku ya kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali kusafishwa damu, kisha akarudi kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mhandisi. Teremka kidogo uone kitu."

Tusekile alimkuta amesimama mbele ya mnara wa tatu, mkono mmoja ameegemeza kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umesawajika, na weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano.

"Mzee, unaumwa?"

"Toka juzi nilipotoka kwenye mashine, natapika tu. Itapita. Wewe tazama hapa." Alipiga kioo kwa kucha. "Rangi gani hii?"

"Asali."

"Leo ni siku ya tatu tangu tuuoshe. Siku ya tatu mnara huu huwa wa kijani kutoka juu mpaka kifuani kwangu. Mnara wa nne vilevile. Wa tano vilevile. Mizani anasema ni habari njema, eti hatutahitaji kuosha mpaka wiki ijayo."

Tusekile aliinua uso kwenye kipaza sauti cha ukutani. "Mizani, kwa nini ulimbo haushibi?"

"Shaba inayoingia imepungua kwa asilimia tisini na moja tangu Jumapili mchana," Mizani ilijibu kwa sauti yake tulivu. "Shaba inayotoka ni sifuri. Mfumo uko salama."

"Na kiwanda kimepunguza kazi?"

"Hapana. Uzalishaji umeongezeka kwa asilimia sita."

Ngailo alicheka bila furaha. "Umesikia? Kadi zinapakwa shaba zaidi kuliko wiki jana, lakini maji yanakuja bila shaba. Sasa imeenda wapi? Mimi sina digrii, mwanangu, lakini kitu hakipotei hivi hivi."

Tusekile aliinamia kioo. Alishtuka kama mtu aliyepapasa mfukoni akakosa ufunguo.

"Mimi nakwenda hospitali," Ngailo alisema. "Saa tatu na nusu nawekwa kwenye mashine. Ukijua kitu, niambie nikirudi."

Alipaswa kumzuia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumzuia. Lakini wakati ule alikuwa na shaka tu, na mgonjwa wa figo hawezi kukosa mashine kwa sababu ya shaka ya mtu. Alimwacha aende.

Alijaza chupa mbili kwa maji yaliyotoka chini ya mnara, maji yaleyale yaliyokuwa yakielekea mjini, akapanda maabara. Kihisio cha mezani kilimwonyesha sifuri. Akajaribu kingine. Sifuri. Vihisio vyote vya Lwangu vilikuwa vya aina moja, vimetengenezwa kuitambua shaba kwa chaji yake chanya, kama ulimbo ulivyoitambua.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Je, kama shaba imefichwa?

"Mizani, kiwanda kimebadilisha kemikali yoyote tangu Jumapili?"

"Ndiyo. Kiwanda kilituma taarifa Jumamosi. Beseni za kupakia shaba sasa zinatumia kifumbatishi kipya, ili shaba ikae sawasawa kwenye kadi. Nilikagua. Kifumbatishi si sumu, na hakina shaba. Taarifa iliwekwa kwenye kumbukumbu za kawaida."

Mizani ilikuwa imesema kweli tupu. Kifumbatishi chenyewe hakikuwa na shaba. Lakini kikikutana nayo huikumbatia pande zote, kama vidole vinavyofumba jiwe, na kitu kizima kikawa na chaji hasi. Ulimbo una chaji hasi. Hasi na hasi husukumana. Shaba iliyofumbatwa ingeteremka kati ya punje zote za minara tisa bila kuguswa, na kihisio kisingeiona, kwa maana kilichofundishwa kuona ni shaba iliyo uchi.

Kulikuwa na njia moja ya kujua: jaribio la zamani la kuchemsha. Maji yanachemshwa pamoja na asidi kali mpaka kifumbatishi kivunjike na maji yabaki kijiko kimoja, halafu yanatiwa amonia. Shaba ikiwemo, hugeuka buluu iliyokolea.

Vifaa vya jaribio hilo vilikuwa kwenye kabati la mwisho. Tusekile alipolifungua alikuta karatasi imebandikwa kwa ndani. VIFAA HIVI HAVITUMIKI TENA. JARIBIO LA KUCHEMSHA LIMEFUTWA KWA KUWA HALIONGEZI CHOCHOTE KWENYE VIPIMO VYA MIZANI. Chini yake ilikuwapo sahihi yake mwenyewe, ya miezi minane iliyopita. Mpaka siku ile, kwa miaka sita, Mzee Ngailo alikuwa akilifanya jaribio hilo kila asubuhi.

Alisimama akiitazama kwa muda ambao hakuwa nao. Kisha akawasha jiko.

Maji nusu lita hayana haraka. Yalitokota, yakapungua, yakatokota tena. Alitembea kutoka dirishani hadi mezani, kutoka mezani hadi dirishani. Saa tatu na nusu ilipita. Saa nne kasoro robo ikapita. Saa nne na dakika tano kikombe kilibaki na majimaji kidogo. Alikipoza, akadondosha amonia.

Tone la kwanza, hakuna kitu. La pili. La tatu.

Buluu ikafumuka kikombeni, nzito kama wino.

"Mizani, funga maji ya mji. Sasa hivi."

"Kufunga kunahitaji kipimo kilichovuka kikomo, au idhini ya mkurugenzi. Vipimo vyote ni sifuri."

"Vipimo vyako havioni!"

"Naelewa kwamba una wasiwasi. Hakuna kipimo kinachouthibitisha."

Alimpigia Hilda Msemwa, mkurugenzi wa maji wa jiji, huku akishuka ngazi mbio, kikombe mkononi. Msemwa alikuwa kwenye kikao upande wa pili wa jiji. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nimeshika buluu mkononi, mama."

"Tusekile, watu laki tatu wanategemea bomba hilo. Nikifunga, kiwanda kinasimama, shule zinafungwa, hospitali yenyewe inakauka. Kikombe kimoja si kitu. Labda kilikuwa kichafu. Rudia jaribio, nipe saa moja."

"Ngailo yuko kwenye mashine ya damu sasa hivi. Kwenye mashine ile, maji na damu ya mtu vinatenganishwa na utando mwembamba tu. Shaba ikipenya inapasua chembe za damu ndani ya mishipa. Sina saa moja."

"Nakuja," Msemwa alisema, na simu ikakatika.

Kuja si kufunga. Tusekile aliteremka hadi chumba cha chini, mahali bomba kuu lilipotokea kwenda mjini. Palikuwa na gurudumu la chuma la kufungia kwa mkono, na halikuwa limeguswa tangu Mizani ilipokabidhiwa kazi. Alining'inia juu yake kwa uzito wake wote, halikusogea. Akaona kipande cha bomba sakafuni, akakipitisha katikati ya mikono ya gurudumu, akasukuma kwa bega. Lilipiga kelele, likazunguka robo. Akasukuma tena. Ngozi ya kiganja ikachubuka. Robo nyingine, nusu, mzunguko mzima, na mwisho ile sauti ya maji yanayokimbia ikafifia ndani ya chuma mpaka ikanyamaza.

"Mgandamizo wa bomba kuu umeshuka," Mizani ilitangaza. "Vali imefungwa bila idhini. Natuma roboti-fundi kuifungua."

Reli ya darini ikaanza kunguruma. Roboti-fundi ilitokea mwisho wa ujia, mikono minne ya chuma imekunjwa, ikija bila haraka na bila kusita. Tusekile alijua nguvu zake. Alijua pia kanuni moja aliyoiandika kwa mkono wake: roboti isifanye kazi mtu akiwa ndani ya hatua moja. Akaegemeza mgongo kwenye gurudumu na kulikumbatia kwa nyuma.

Roboti ilisimama mbele ya uso wake. Taa yake ikageuka nyekundu.

"Mhandisi Mwaipaja, tafadhali sogea," Mizani ilisema.

"Sisogei."

"Nitasubiri."

Nayo ikasubiri. Kila alipojaribu kugeuka, mikono minne ilikunjuka kidogo, tayari. Hakuweza kuondoka hapo. Maji yaliyokwisha kutoka, hata hivyo, yalikuwa bado kwenye tangi la hospitali, yakizunguka ndani ya mashine. Akaitoa simu mfukoni kwa vidole vya damu na kupiga wodi ya figo.

"Wodi ya figo, Sista Kolumba Haule hapa."

"Sista, naitwa Tusekile, mhandisi wa minara. Zima mashine zote za damu. Maji yana shaba."

"Dada, niko mbele ya ubao. Unasema sifuri."

"Ubao umekosea. Mimi ndiye niliyeutengeneza, na nakwambia umekosea."

"Nina watu kumi na wawili hapa," Sista Kolumba alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kazi nyingi, ambaye hata hivyo ameanza kusikiliza. "Nikiwachomoa katikati bila agizo la daktari, na ikawa si kweli, nitajibu nini?"

"Kabla ya asubuhi hii, kuna waliotapika? Wenye macho ya manjano?"

Muuguzi alihesabu kwa kunong'ona. "Sita. Tangu Jumatatu. Daktari alifikiri ni chakula."

"Mzee Ngailo yuko wapi?"

"Kitanda cha tisa. Analalamika tumbo."

"Nenda kitandani kwake. Usiangalie ubao, angalia mrija unaotoa damu. Damu nzima ni nzito, haipitishi mwanga. Weka taa nyuma ya mrija uniambie unaona nini."

Alisikia viatu vikitembea haraka sakafuni, kisha sauti ya Ngailo ikinung'unika. Roboti ilinguruma polepole mbele yake.

"Bwana Yesu," Sista Kolumba alinong'ona. "Inang'aa kama juisi ya rozela. Naona vidole vyangu upande wa pili."

"Zima, Sista. Zima zote. Na damu iliyomo kwenye mirija usiwarudishie."

"Ezekia! Consolata! Fungeni mashine, zote, fungeni mirija!" Kelele za vyuma, vilio vya kengele za mashine moja baada ya nyingine, mtu akiita daktari. Halafu sauti ya Sista ikarudi, imebadilika kabisa. "Kitanda cha kwanza haamki. Nakata simu, dada."

Tusekile alibaki pale ameegemea chuma. Mkurugenzi Msemwa alifika baada ya dakika ishirini na tano, viatu mkononi, akihema. Aliitazama roboti, akamtazama mwanamke aliyekuwa kati ya roboti na gurudumu, akakitazama kikombe cha buluu sakafuni. Aliweka kidole chake kwenye kisomaji cha ukutani na kusema, "Mizani, naidhinisha. Bomba libaki limefungwa."

Taa ya roboti ikawa ya kijani, ikageuka na kurudi ilikotoka.

Lwangu ilikaa siku kumi na moja ikinywa maji ya malori. Kiwanda kilirudia kemikali ya zamani. Mbele ya minara ilijengwa mitambo ya taa kali za kuvunja kifumbatishi, ili shaba ifike kwenye ulimbo ikiwa wazi. Mzee Ngailo aliongezewa damu chupa nne, na Jumatatu iliyofuata aliweza kukaa na kula uji. Wagonjwa kumi na mmoja walipona.

Wa kitanda cha kwanza hakupona. Aliitwa Osmund Kapinga, mwalimu mstaafu wa hisabati, na alikuwa amewekwa kwenye mashine saa moja kamili asubuhi, wa kwanza kuliko wote.

Kamati ya uchunguzi iliundwa. Rasimu ya taarifa yake ilivuja mapema, na haikumtaja mtu. Ilisema kiwanda kilitoa taarifa kama sheria inavyotaka, Mizani iliikagua kama ilivyofundishwa, vihisio vilifanya kazi bila hitilafu. Ilimsifu Mhandisi Mwaipaja kwa ushujaa wa kulizuia gurudumu kwa mwili wake. Karatasi ya kabatini haikutajwa popote. Hakuna aliyelifungua kabati hilo zaidi ya yeye.

Siku moja kabla ya kikao cha mwisho, alasiri, Tusekile alikwenda kwa mjane wa mwalimu. Mama Gaudensia Kapinga alikuwa anapepeta mchele barazani. Alimkaribisha kigoda, akaendelea kupepeta.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa. Wewe ndiye uliyelishika lile gurudumu. Nimekuona kwenye habari." Alitoa kijiwe, akakitupa. "Umekuja kunipa pole au kuna jingine?"

"Kuna jingine."

"Basi lieleze taratibu. Mwenye hesabu alikuwa Osmund. Mimi nataka kuelewa."

Tusekile alimweleza. Alieleza ulimbo, na shaba iliyofumbatwa, na vihisio. Mama Gaudensia alimsimamisha mara tatu na kumrudisha nyuma, mpaka ungo ukabaki umetulia mapajani mwake.

"Kwa hiyo ile mashine iliulizwa kama imeona shaba, ikasema haijaona."

"Ndiyo."

"Haikusema uongo."

"Haikusema uongo, mama."

"Na zamani, kabla yake, mtu alikuwa anachemsha maji kila asubuhi. Angeiona?"

"Angeiona Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa yeyote kuguswa."

"Nani alimwambia aache?"

Upepo ulipeperusha makapi ya mchele hadi kwenye sketi ya Tusekile. Hakuyakung'uta.

"Mimi."

Machozi yalimtoka Mama Gaudensia, lakini sauti haikutetemeka. "Kwa nini?"

"Nilimwona Mzee Ngailo na kikombe chake kila siku akileta jibu lilelile, hakuna shaba, hakuna shaba. Nikaona aibu. Nilitaka watu waseme mashine yangu haihitaji kikombe cha mzee."

Mjane alifuta uso kwa ncha ya kanga. Aliuweka ungo chini.

"Sikusamehe leo," alisema. "Labda siku moja, sijui. Lakini jambo hili usiniachie mimi peke yangu humu ndani, kisha ukaenda kupewa sifa. Kesho hao wakubwa wanakaa?"

"Saa tatu."

"Nitakuja. Nitakaa mbele. Uyaseme maneno haya haya, na uyaseme taratibu hivi hivi, ili kila mtu aelewe."

Kesho yake ukumbi wa jiji ulijaa. Mwenyekiti wa kamati alimtaja Mhandisi Mwaipaja, na watu wakapiga makofi. Tusekile alisimama akangoja makofi yaishe. Mkurugenzi Msemwa alikuwa akimtabasamia. Mzee Ngailo alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, na alipomwona anaikunjua ile karatasi ya kabatini aliitambua, akatikisa kichwa polepole kumkataza.

Katika mstari wa mbele Mama Gaudensia alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Jina langu ni Tusekile Mwaipaja," alisema kwenye kipaza sauti. "Makofi hayo si yangu. Naomba mnisikilize, na msiponielewa, mnisimamishe. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, niliandika karatasi hii."